Umri wa Ruzuku

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Delphia Sturgill anaisoma kwa miwani ya marehemu mumewe,
kidole kikipita mstari kwa mstari
kama anayechambua maharage, akitafuta kijiwe.

Idadi ya wanaoishi humu?
"Mmoja," anasema. Kisha: "Wawili,
Travis wakimwachia kabla ya Pasaka.
Unamwandikaje mtu ambaye hayupo
na shuka zake zinafuliwa?"
Nikaandika mmoja, kwa penseli.

Mimi karani. Oktoba ile nilipanda bonde lao, milimani Kentucky,
kwa gari la serikali na buti za mpira,
kwa sababu nyuma ya nyumba, chini ya vichaka vya forosadi,
bomba jeusi linatoka chooni
na kwenda moja kwa moja kijitoni.
Si siri. Ikifika Julai
halihitaji kuoneshwa kwa kidole.

Maji ya kunywa ni ya kisima, hatua arobaini kutoka hapo.
Yana rangi ya chai kabla hajatia majani.
Mgodi ulifungwa. Kutu haikufungwa.

Sheria yetu ni fupi kuliko fomu yake:
ukitimiza sitini na miwili, huna kitu, na nyumba ni yako,
unapewa ruzuku, pesa isiyojua njia ya kurudi.
Chini ya hapo ni mkopo,
asilimia moja, miaka ishirini.
Dawa ya deni kulipa, sawa,
lakini alipe na nini, anayepima mafuta ya kupikia kwa kijiko?
Delphia ana sitini na mmoja na miezi saba.

Alicheka mpaka miwani ikamtoka.
"Kanisani najipunguzia miaka tangu niolewe.
Leo nataka miezi mitano tu ya uzee,
sina pa kuikopa."

Kisha akaleta barua nyingine, ya bwana afya:
siku thelathini, ama faini,
isipokuwa ombi la msaada liwe linashughulikiwa.
Akaweka kidole juu ya neno hilo. *Linashughulikiwa.*
Akaniangalia.
"Ninyi mna sifa ya kuchelewa.
Dada yangu Oma alingojea bati zenu
hadi paa likamwangukia paka.
Basi nichelewesheeni na mimi."

Haraka haraka haina baraka;
kwa kipimo hicho ofisi yetu imebarikiwa kupita kiasi.
Sikusema ndiyo.
Nilisema sahihi ya ukurasa wa tisa imefifia, nitarudi.
Nikarudi Desemba: hati ya nyumba ina jina la mume,
tunataka cheti cha kifo.
Januari theluji ilifunga barabara, na hiyo haikuwa hila yangu.
Februari faili lilinipotea siku nane
ndani ya droo ninamoweka chakula cha mchana.

Tarehe nne Machi simu ililia kabla sijavua koti.
"Mimi mzee," akasema. "Andika."

Tangi la zege lilishushwa mwezi Mei,
likining'inia kwenye minyororo
juu ya shimo ambalo udongo wake wa mfinyanzi
ulimgharimu Travis makoleo mawili.
Hakusema neno kutwa. Alichimba tu,
kama mtu aliyeahidi jambo mahali fulani.

Walipomaliza kuunganisha, Delphia aliingia chooni,
akavuta maji, akatoka mbio na kandambili moja
kuteremka hadi kijitoni, kutazama kitakachotoka.
Hakikutoka kitu.
Akapanda tena, akihema. Akavuta mara ya pili.

Kijito chenyewe hakijasafika.
Juu ya kwake kuna mabomba saba.
Mwenye nyumba ya tatu, ile yenye trampolini uani,
ana miaka hamsini na minne.
Jana alinisimamisha barabarani, mkono juu ya boneti,
akaniuliza: asilimia moja ya nini?