Kunukia, Kunuka

Mama Nyanzobe alisimama mlangoni, viatu mkononi,
akavuta pumzi hadi mabega yakapanda:
"Fundi, nyumba inanukia!"
Nikaitikia, maana mteja habishiwi.
Ila pua yangu mimi ilishakufa,
ilifia Nyakato, kwenye ghala la magodoro,
siku ya tisa ya tina na vanishi, madirisha yamefungwa
ili vumbi lisiguse kazi.
Tangu hapo sato, sabuni, mvua ya kwanza juu ya mawe,
vyote kwangu ni maji ya kunywa.

Basi napima kwa watu.
Saidia fundi wangu, Mhoja, akianza kucheka bila jambo, namtoa nje.
Naacha kikombe cha chai chumbani usiku kucha,
asubuhi nampa mtu anuse:
akikunja uso, hapalaliki.

Siku ile, nyuma ya gauni la bibi yake,
akachungulia Limi, miaka minne,
kabana pua kwa vidole viwili:
"Bibi, inanuka."
Irabu moja tu imedondoka njiani,
na katika tundu lake nikaiona miaka yangu ishirini.

Nikasema: Mama, Jumamosi usihamie.
Akanihesabia. Kodi ya Mabatini inaisha tarehe thelathini,
lori limelipiwa nusu,
Kabula anatoka wodini na kichanga.
Nikasema: ndiyo maana.
Kabati hizi za plaiwudi zimeshiba gundi, bado zinapumua.
Jipsamu tumeipiga msasa jana,
unga wake umelala juu ya feni, unasubiri mtu awashe.
Na rangi ya mafuta ikikauka kidoleni, hewani haijakauka.
"Hewani haijakauka," akarudia, kama anayeonja chumvi.

Tukafungua.
Kila dirisha, hata lile la choo.
Milango ya kabati tukaiacha wazi kama midomo,
makopo tukayapeleka nje, nyuma ya jabali,
sakafu tukaifuta kwa tambara bichi, si ufagio.
Vyumba viwili vilivyobaki nikavipaka rangi ya maji;
faida ikapungua, sikumwambia.
Saa nne upepo wa ziwa ukapanda Luchelele,
ukaingia sebuleni bila hodi,
ukatokea jikoni umebeba kitu nisichokijua.

Lakini ziwa halitumi upepo peke yake.
Usiku wakainuka wadudu kule majini,
wingu zima, wakafuata taa ya mlinzi,
wakajibandika kwenye ukuta wangu mbichi,
elfu, elfu mbili.
Mkono wa mwisho, mweupe, ukawa bawa la kanga.
Zamani ningelia.
Zamani ningekuwa nimefunga.

Asubuhi nikashika msasa. Mama akanishika kiwiko.
"Kona ile iache."

Walihamia wiki ya nne; mzazi alitunzwa kwanza kwa shangazi, Buswelu.
Jana nilipita kudai baki yangu.
Kichanga kimelala ndani ya chandarua, dirisha wazi,
pazia linakwenda na kurudi.
Limi akaniletea kikombe kilicholala chumbani.
Nikainama, nikavuta. Kimya, kama siku zote.
"Kinanukia nini?" nikamuuliza.
Akaingiza pua yote, akafikiri sana.
"Chai," akasema.