Ubao wa Matangazo

Niliuchonga mimi, wa mninga,
mlango wa kioo, bawaba mbili za shaba,
kipaa cha bati mvua isije ikalowesha maandishi.
Siku tatu nauranda kwenye baraza ya ofisi ya kata,
Sikonge, tumbaku ikining'inia mabanini,
hewa yote moshi mtamu usioshibisha.

Mtendaji akaja, Bwana Lusangija,
akagonga kioo kwa kidole chenye pete:
"Fundi, hapa wananchi watasoma kila shilingi."
Nikavimba. Nani hapendi kuujengea ukweli nyumba?
Akanipa laki na ishirini, noti zimekunjwa,
na karatasi. "Tia saini hapa chini,
juu nitajaza mwenyewe, umeme umekatika."
Nikatia. Kalamu ilikuwa yake.

Miezi mitano ubao ukakaa mtupu.
Kufuli lilikuwepo. Ufunguo ulikuwa kwa mhasibu,
mhasibu alikuwa semina.
Buibui akahamia ndani
(sijui alipita wapi, mimi huwa siachi upenyo),
akatandaza hesabu zake uzi kwa uzi,
mtumishi pekee aliyebandika kazi yake tukaiona.

Aliyeanza ni Nyamizi, muuza asali.
Kila gulio hutoa ushuru, mia tano,
na kila akienda choo cha soko hukuta kimefungwa kwa kamba.
Hakupiga kelele. Alileta ndoo zake mbele ya ubao,
akawa anawauliza wapitao:
"Nisomee, mwanangu, wameandika nini?"
"Hakuna kitu, mama."
"Soma tena. Labda macho yako yana haraka."
Watoto wa shule wakaugeuza mchezo,
Nisomee! Hakuna! Nisomee! Hakuna!
mpaka dirishani kwa Lusangija.
Juma la nne zikabandikwa karatasi mbili.

Sikwenda kwa ajili ya hesabu, nakiri.
Nilikwenda kusikia kama bawaba zangu zinalia.
Ndipo nikajisoma:

*Ubao, mninga, kioo, ufundi na usafiri:
laki nne na themanini elfu.
Zimepokelewa na fundi.*

Na saini, ile yangu yenye mkia wa mjusi.

Humo nilimochonga
ili mtu asiibe kimyakimya
nimo mimi, mwizi mwenye jina kamili,
na kioo kinanirudishia uso juu ya tarakimu.
Mtu mmoja akasema: nyamaza, fundi,
madawati ya sekondari yanakuja, mia mbili.
Mtu huyo alikuwa mimi.

Jumamosi, mkutano wa hadhara.
Diwani alisema mshikamano mpaka jua likahamisha viti.
"Kuna swali?"
Kikohozi. Mbuzi wa mtu.
Nyamizi akageuka, akanitazama.
Hakujua lolote; alikuwa anatafuta wa kumsomea.

Nikasimama. Nilipanga kuanza na laki tatu na sitini,
kwa sauti, moja moja, kama mtu anayehesabu misumari.
Mdomo ukaanza na mimi:
"Nilitia saini karatasi tupu."

Yaliyofuata sitayaita ushindi.
Lusangija amehamishwa; wengine wanasema amepandishwa.
Choo kimefunguliwa, hakina mlango.
Madawati amepewa fundi wa Ipole.

Ila asubuhi, kabla sijashika randa,
napita pale na kitambaa, nafuta kioo.
Hakuna aliyenituma.
Buibui nimemwachia kona ya juu, kulia.
Yeye hajawahi kuniomba saini.