Yule wa Ndimu

Nilianza mimi kutaja langu, naye akataja lake,
Kongowea, saa nne ya asubuhi,
chenji ya mia mbili nimeibana kwa meno,
kikapu begani, mkokoteni nyuma yangu
unadai miguu! miguu!
na kipaza sauti cha muuza sumu kikirudia
panya, mende, kunguni,
panya, mende, kunguni.

Midomo yake niliiona. Ikafunguka, ikafumba.
Nikasema, "Ahaa, jina zuri."

Akacheka mpaka ndimu mbili zikamdondoka,
akanikumbatia kwa furaha nisiyoielewa,
akaniita somo.
Nikadhani ni utamu wa ulimi tu,
kama mpenzi, kama roho,
neno la kumpa yeyote aliyekupisha njia.

Basi kichwani mwangu akakaa hapo hapo nilipomwacha,
baina ya mende na kunguni, Mungu anisamehe,
na kwenye simu: Yule wa Ndimu.

Lugha yetu ina huruma kwa wasahaulifu.
Nilimwita jirani, nikamwita shoga,
alipofiwa nikamwita dada na nikalia naye kweli.
Miaka mitatu sikukwama,
ila siku ya kadi za harusi ya mwanangu:
kalamu juu ya bahasha, jasho puani,
nikaandika "Bibi na Familia".
Alikuja. Alileta seti ya sahani.

Kuuliza? Swali hili lina muda wake, kama maziwa.
Nilimvizia mwanawe mlangoni:
"Mamako anaitwa nani?"
"Anaitwa Mama,"
akaendelea kufyonza barafu yake ya ukwaju.

Hadi Jumanne iliyopita, zahanati ya Tudor,
feni imekufa, watoto wanapokezana vilio,
mtu anabishana na simu kuhusu kodi ya nyumba,
na karani, kwenye kidirisha chake, akaita:
"Mwanamize!"

Nikainuka.
Na benchi la mbele yangu, kadi mkononi,
Yule wa Ndimu akainuka.

Akanigeukia, hana hata chembe ya mshangao:
"Tangulia wewe, somo."

Nikabaki nimesimama,
nimelishika jina langu
kama kibeti nilichookota njiani,
kina pesa za mtu.