Mkia

Penseli nilizobaki nazo ni tatu.
H mbili, ngumu, kavu, haitaki utani:
ya mstari wa nje.
HB, ya magamba.
Na B sita, laini mno, huchafua hata nia;
naigusa kwa nadra, kwa kivuli cha chini ya tumbo,
kisha nanawa mikono.

Nachonga kwa wembe.
Kichongeo hutafuna, wembe huuliza kwanza.
Halafu ncha naisugua taratibu
juu ya jabali lililoegemea jiko letu, hapa Mabatini.
Mwanza hatununui msasa.

Nyegezi waliniajiri nichore furu.
Kijana mmoja mwenye kamera shingoni
aliniuliza kwa nini bado nahangaika.
Nikamwambia: hiyo yako huona samaki.
Mimi nahesabu.
Thelathini na moja, mstari wa ubavu.
Ukizidisha gamba moja
umechora samaki ambaye Mungu hakumuumba.

Na ndani ya chupa ya dawa
rangi ndiyo hutangulia kufa.
Kwa hiyo nilikuwa nawahi Igombe kabla jua halijapanda,
nakalia ndoo iliyopinduliwa,
nusi wameniingia puani na kwenye chai,
naandika pembeni mwa karatasi, mbiombio:
*shingoni, samli inayoyeyuka.
mgongoni, bati la zamani mvua ikishakatika.
ubavuni, wekundu, si wa nyanya,
wa kitenge kilichofuliwa mara kumi.*

Huyo wa kitenge
alitoka kwenye wavu wa Malegesi, siku ya Jumanne.
Mwaka ule sangara walikuwa wamenenepa,
kila mtu akisifu minofu.
Nilimpeleka nyumbani, nikamlaza kwenye kitambaa kibichi,
nikaanza na jicho, kama kawaida,
maana jicho halisubiri.
Kichwa. Mapezi. Magamba thelathini na moja.
Hapo mkono ukateleza kidogo,
nikatoka kwenda dukani
kununua ufutio.

Niliporudi nilipokelewa na harufu ya mafuta.
Nyamizi, mdogo wangu, alikuwa na furu sita wa mboga
na mmoja aliyemkuta juu ya meza.
Saba sahanini. Nikawapindua mmoja mmoja;
chumvi na moto vilikwisha kuwafanya ndugu.
Nikacheka, jamani.
Nikavuta kigoda, nikamega ugali.
Kesho si atakuja mwingine?

Malegesi alitega mwezi mzima.
Kisha akabadilisha nyavu, zenye macho makubwa,
naye ana watoto.
Ziwa lipo palepale, linapiga mawe vilevile.

Ofisini wakasema: malizia tu, mama,
mikia ya furu inafanana.
Nikachukua karatasi nyingine, nikajaribu:
wa mviringo,
wa kukatwa wima kama ukingo wa daftari,
wenye kibonyeo katikati.
Yote mizuri. Hakuna uliokuwa wake.

Ule ufutio ninao hadi leo,
mweupe, pembe zake zote nne kali.
Haujafuta kitu.

Jumamosi, nyumba ikitulia, naishusha picha ukutani.
Naichonga H mbili, naisugua kwenye jabali,
naileta hadi pale mwili unapoishia
na weupe unapoanza.
Mkono unapumua. Narudisha.
Penseli haijachora na inazidi kufupika;
sasa nimeichomeka kwenye bua la mtama
ili vidole vipate pa kushika.

Wiki iliyopita nilimuuliza Nyamizi.
Naye ni bibi sasa, anapepeta mchele,
hakuinua hata macho.
Mkia wake ulikuwaje?
Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
“Mkavu,” akasema.
“Ulivunjika mdomoni kama biskuti.”

Nikaingia ndani.
Chini ya samli, chini ya bati, chini ya kitenge,
kwa ncha kali kuliko zote,
nikaandika pembeni:
*mkavu.*