Swali la Saba

Nimelitunga mwenyewe, sina wa kumlaumu:
*Linganisha India na China
kwa idadi ya watu na pato la taifa. Alama ishirini.*
Usiku huu nasahihisha, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
daftari arobaini na tatu za darasa la saba,
kalamu nyekundu inayokohoa wino,
na mwongozo wa majibu nimeubana kwa kopo la mafuta ya nazi
feni isiupeperushe.

Mwongozo unajua kila kitu.
Unajua kwamba wote wawili wamevuka bilioni moja na milioni mia nne,
kwamba juzi juzi tu India amempita mwenzake kwa vichwa,
na kwamba kwa mfuko China yuko mbele, mbali,
kama mtu aliyekwishafika Segera
anakunywa chai
wakati mwenzie ndiyo kwanza anaiona Pongwe.
Kila hoja alama mbili. Mchoro, alama nne.

Wengi wamekariri. Vema. Vema. Vema.
Zuberi Singano amechora nguzo mbili zenye bendera,
zote mbili kazipaka kijani
kwa kuwa hana rangi nyingine.
Nimempa zake nne.

Halafu Mwanjaa Kilua, dawati la nyuma,
mwandiko umelala kama mkonge uliopigwa na mvua:

*India kwetu ni bajaji ya baba.
Ya mkopo. Inabeba watatu na gunia.
China ni pikipiki ya kaka Mbwana,
inabeba mmoja, siku ya mnada wanne.
Kwa watu wamekaribiana sana.
Kwa pato, kaka huleta elfu nane kwa siku
na baba huleta risiti za spea.
Kwa hiyo China.*

Nilicheka peke yangu, kwa sauti,
jirani akagonga ukuta.
Nikaweka alama mbili, nikasita, nikaweka nyingine.

*Pato la kila kichwa hupatikana kwa kugawanya.
Kwetu vichwa ni vinane, basi kila mtu elfu moja.
Mimi yangu sijaiona.
Mama anasema imo kwenye unga.*

Hapo kicheko kilinikauka.
Nikageuza karatasi, kumbe alikuwa hajamaliza:

*Bibi alihesabiwa mwezi wa nane.
Karani wa sensa alimwuliza umri, bibi akasema aandike anaoutaka.
Akaandika. Akabandika karatasi mlangoni.
Mwezi wa tisa tukamzika.
Karatasi bado ipo mlangoni.
Mwalimu, wakigawanya pato la nchi
bibi naye wanamgawia?
Fungu lake anakula nani?*

Nimetafuta kwenye mwongozo.
Nimeugeuza nyuma, na nyuma ni hesabu zangu,
maana mwongozo niliuandika kwenye karatasi iliyokwishatumika:
kodi, luku, deni la dukani kwa Shekue,
mama Muheza, mdogo wangu chuoni, dawa,
mshahara mmoja chini ya mstari mrefu.
Mimi mwenyewe nimejiandika mwisho
na kilichoniangukia ni desimali.

China na India zimo humu chumbani, nikitazama vizuri.
Feni ya huko. Vidonge vya presha vya huko.
Zinapuliza, zinatuliza, hazijui kuna mtu
aliyekufa katikati ya kuhesabiwa na kugawanywa.

Nimempa kumi na moja. Nimekata.
Nimempa kumi na tatu,
na pembeni, kwa herufi ndogo ambazo mkaguzi hatazisoma:
*Sijui, Mwanjaa. Nitauliza.*
Ingawa nikipitisha macho ofisini, yule wa hisabati, yule wa dini,
mwalimu mkuu na mhuri wake,
simwoni wa kumwuliza.

Daftari lililofuata lilikuwa safi kabisa,
takwimu zote mahali pake, mchoro umepigwa rula.
Ishirini kwa ishirini.
Nimelisoma mara mbili
na sikumbuki lilisema nini.