Visiwa Kumi na Viwili Ukutani

Ukuta wa darasa letu, hapa Majengo, ni wa mawe meusi:
moto wa mlima uliopoa, ukapasuliwa kwa nyundo, ukawa shule.
Juu yake, kwa misumari minne iliyopinda,
nimetundika ramani isiyo ya kwetu:
visiwa vya Tokara, kusini ya Japani,
kumi na viwili, kama shanga zilizokatika uzi
na mwenyewe akachoka kuinama.
Saba vina watu.
Gaja walikihama wote; wamebaki mbuzi.

Aliniachia Bwana Shigemi, mpimaji wa matetemeko,
aliyekuja Goma kusikiliza Nyiragongo
kwa chombo kama redio iliyonyimwa muziki.
Kwao ni Suwanose. Mlima wa huko hukohoa mchana kutwa,
na mama yake huanua nguo, huzikung'uta majivu, huzianika tena.
"Kama Mugunga," nikamwambia.
Akalamba mdomo, akafikiri.
"Kama Mugunga. Ongeza chumvi."

Kavira ndiye aliyeanza: watu wangapi, mwalimu?
Kisiwa cha Akuseki, nasema, themanini na kidogo.
Darasa likajihesabu. Sisi tisini na wanne.
Kimya. Halafu Bisimwa, wa dawati la nyuma wanakobanana watano:
"Basi sisi ni kisiwa kilichojaa."

Meli huondoka Kagoshima usiku, mara mbili kwa juma.
Bahari ikikasirika haitii gati:
mchele unangoja, barua inangoja,
jino linalouma nalo linangoja.
Ikifika, kila mtu bandarini,
mwalimu mkuu, muuguzi, mchunga ng'ombe,
kofia ngumu kichwani, wanavuta kamba moja.
Hili wanafunzi wangu wanalijua bila ramani.
Chukudu likikwama Birere na magunia ya viazi,
mikono inatoka kila upande, haijaitwa,
ingawa viazi viwili vitatu hubadilisha mwenyewe.

Nikawaambia habari za Boze.
Uso wa udongo mwekundu, masikio kama ungo, kinywa wazi,
mwili umefunikwa majani makavu.
Hutokea siku za kuwaaga wafu zikiisha,
fimbo ndefu mkononi, ncha yake ina matope,
hukimbiza watoto; atakayepakwa, mkosi humwacha.
Watoto hulia. Bibi zao huwasukuma mbele.

Darasa zima likacheka, Kavira hakucheka.
Mdogo wake alilala penye mazuku,
kibondeni, nyuma ya nyumba, asubuhi kama nyingine,
hewa nzito isiyo na harufu,
isiyo na hata mguu wa kusikika ikija.
"Huyo wao," akasema, "angalau ana uso."

Barua ya Shigemi imepitia Gisenyi,
kwenye mfuko wa dereva, imekunjika, inanuka petroli.
Anasema Akuseki imetetemeka, mara elfu na zaidi,
mpaka watu wakasahau kulala.
Wengine wamepanda meli.

Nikafuta ubao. Nikasema: waandikieni.
Si pole; pole wataletewa na wengine.
Waandikieni jambo mnalolijua.

Kalamu zikaanza kukwaruza
kwa wote hawa waliotembea usiku ule wa Mei,
mbingu nyekundu mgongoni, kuku kwapani.
Bisimwa aliandika: mfunge mbuzi kamba fupi.
Mwingine: msihesabiane njiani, mtalia.

Kavira alimaliza wa mwisho, kwa herufi za kuchapa:
CHUKUENI SUFURIA YENYE MFUNIKO.
GODORO ACHENI. LITAWACHOSHA
KABLA HAMJAFIKA SAKE.

Mimi ndiye mwalimu wa jiografia.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, wazi.
Nikaitazama ramani, ule uzi uliokatika, bahari yote ile ya buluu,
nikaikunja karatasi yake
kama alivyoiandika.