Dakika Tatu, Kibaigwa

Mimi sikuwa msemaji. Kazi yangu ilikuwa saa:
saa ya marehemu mjomba, mkanda wake kamba ya katani,
na kipande cha ringi ya Fuso kilichoning'inia dirishani,
na nati ya kugongea.

Jumamosi saa nane, ghala namba nne,
vumbi la mahindi likielea kwenye mwanga
kama unga usio na mwenyewe.
Tulijiita Bunge. Tulikuwa kumi na tisa.
Spika wetu Nyemo alijifunga shuka la mama yake begani,
alifungua kikao kwa "Mbukwenyi!"
na siwa yetu ilikuwa mchi.

Mwalimu Chilongani hakutufundisha mengi.
Hoja kwanza; hasira baadaye, ikibaki nafasi.
Mjibu mtu alichosema, usimjibu alivyovaa.
Na anayepinga leo, Jumamosi ijayo ataunga mkono,
apende asipende,
"ili ujue nyumba ya mwenzio ina mlango upande gani."

Ndivyo Sechelela alivyopangiwa kuitetea lumbesa.
Sechelela, ambaye baba yake hubeba magunia sokoni,
na jioni hulala kifudifudi akandwe mgongo
kwa maji ya moto na chumvi!
Tulicheka. Nilisahau hata kuanza kuhesabu.
Akameza mate, akautazama mchi.
"Mheshimiwa Spika," akasema,
"ushuru hutozwa kwa gunia. Mnunuzi si mjinga:
akilipia mdomo wa gunia, atalijengea na kichwa,
atakishona kwa kamba, na kitapita getini bure.
Mnasema tupime kwa kilo. Sawa.
Nionyesheni mizani."

Hapo akanyamaza, sekunde kumi na moja nzima.
Alikuwa akitetea asichokiamini,
na katikati ya kukitetea
akajikwaa kwenye swali.

*

Mkutano wa hadhara ulikuwa Jumanne, uwanja wa mnada.
Upepo wa Kongwa ulitupaka sote rangi moja.
Mwenyekiti alianza na shukrani,
akaongeza mshikamano, akaongeza maendeleo,
akashindilia kwa goti, akaongeza subira,
maneno yakapita mdomo wa gunia,
yakajengewa kichwa, yakashonwa kwa kamba,
na bado alikuwa akichota.
Dakika ya arobaini na mbili.

Sijui kwa nini nilikuwa na ile ringi kwenye mfuko.
Naapa sikuamua.
Mkono ulizoea tu.

Ngaaa!

Mbuzi mmoja aligeuka. Kisha watu wote.
Nilitamani ardhi ya pale, ngumu kama ilivyo, ipasuke.
Ndipo mama Mbeho wa maandazi,
asiyejua kanuni yoyote ya Bunge letu,
akapaza sauti: "Si ameambiwa muda umeisha?"
na kicheko kikapita uwanjani kama mvua ya kwanza,
ile isiyolowesha kitu lakini kila mtu huitoka nje kuitazama.

Sechelela alikuwa tayari amesimama, mkono juu.
"Mwenyekiti, mwaka juzi tulichangishwa mizani ya soko.
Iko wapi?"

Alikaa.
Alitumia sekunde saba.
Nilizihesabu zilizobaki, dakika mbili na hamsini na tatu,
na zote zilimkuta mwenyekiti akipekua faili
ambalo, kutoka nilipokaa, niliona lina karatasi moja.
"Ofisi italifuatilia," akasema.
Nyemo akaandika: tarehe, saa, na neno lenyewe,
italifuatilia,
akalipigia mstari mara mbili.

Mizani haijaonekana. Nisiwadanganye.
Baba yake Sechelela bado anakandwa.
Ila Jumamosi iliyofuata ghala lilikuwa na watu thelathini na sita,
wanne kati yao wabeba magunia, wamesimama mlangoni,
wanajifanya wamekuja kukwepa jua.

Nati nimemkabidhi mdogo wangu, Lugano.
Ana wivu na ringi, ataigonga kabla ya wakati, namjua.
Nimepangiwa kupinga.
Viganja vimelowa. Mchi upo mezani.
Mheshimiwa Spika,